Tajiri wa Milango Mikuukuu

Asubuhi hiyo niliondoka Mbeya kwa sababu tu lori lilikuwa limesimama. Sikuwa na safari. Nilitoka kununua maandazi pale Mwanjelwa, nikakuta utingo anafunga turubai juu ya magunia ya viazi.

"Unakwenda wapi, kaka?" akaniuliza, maana nilikuwa nimesimama namtazama.

"Nyie mnakwenda wapi?"

"Iringa, na mbele yake."

"Basi na mimi huko huko."

Akacheka, akanipa mkono, nikapanda juu ya viazi na maandazi yangu. Mkoba nilikuwa nao, maana mkoba siuachi. Ndivyo nilivyoishi miaka ile. Shule niliiacha darasa la tano, na kilichonitoa si ugumu wa hesabu, ni dirisha: niliwekwa karibu na dirisha, na dirishani ilionekana barabara.

Lori lilipokuwa linatoka mjini tulipita kwenye kiwanja ambacho sasa kimelimwa mahindi. Zamani palikuwa na banda la Tajiri. Niligeuza shingo mpaka kikapotea, na njia nzima iliyobaki, juu ya viazi, nilikuwa namfikiria yeye.

Tajiri ndilo jina tulilomwita sisi tuliomfanyia kazi, na wateja wakaliiga. Hakuwa na utajiri wowote. Kwetu mwenye kazi huitwa tajiri hata kama kazi yenyewe ni kukaanga karanga. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyezoea mizigo, sauti yake ikisikika ng'ambo ya barabara. Aliuza vitu vilivyokwisha kutumika: madirisha, mabati, mapipa, mbao za masanduku, vitasa, bawaba, na hasa milango. Banda lake lenyewe lilikuwa limeshonwa kwa mabati ya rangi mbalimbali kama shuka la viraka. Chakula cha mchana tulikula juu ya dirisha lililolazwa juu ya mapipa mawili, na vioo vyake vikiwa bado mahali pake, kwa hiyo uliiona miguu yako chini ya ugali.

Kitu kimoja tu alinunua kipya: kanga. Mwili wake haukuvaa kanga ya mtu mwingine. Ukimwuliza kwa nini, alisema, "Milango inanitosha kwa habari za watu. Nguo nataka isiyo na habari."

Kabla ya chai ya asubuhi kila mtu alinyoosha misumari. Tulikuwa na kipande cha reli kilichotumika kama fuawe, na makopo matupu ya mafuta ya kupikia, kila urefu wa msumari na kopo lake. Yeye mwenyewe alikaa nasi, miguu imenyooshwa, akigonga taratibu kwa nyundo yenye mpini uliochongwa kutoka mpini wa jembe. Mwanzoni niliona ni kazi ya kichaa. Baadaye ulifika wakati ambapo madukani hakukuwa na msumari hata wa kutundikia kalenda, na watu waliokuwa wakimcheka wakaja kusimama mstari mbele ya makopo yetu.

Kuuza kwake kulikuwa kama ugomvi wa ndugu. Nakumbuka karani mmoja, kijana aliyeoa karibuni, aliugongagonga mlango kwa kidole huku amekunja pua.

"Mama, lakini mlango huu mzee."

"Na wewe ulizaliwa jana? Mbona wamekupa mke?"

"Punguza basi kidogo."

"Nipunguze nini, urefu au upana? Msumeno huo hapo."

Karani alicheka, akalipa, na Tajiri akamwongezea bawaba mbili bure, tena akamtukana alipojaribu kushukuru.

Siku nyingine akaja mfugaji, mmoja wa wale waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao kuja kukaa Usangu. Alikuja na fimbo yake, akauzunguka kila mlango kama anayekagua fahali.

"Mayu," akamwita mama kwa lugha ya kwao, "nataka ule mpana."

"Wa nyumba ya mke au wa zizi la ndama?"

"Ndama kwanza, mayu. Mke akiona fisi atapiga kelele. Ndama hajui kuniita."

Tajiri alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akamuuzia ule mpana wa ndama, na akamsukumia mwingine mdogo wa nyumba. "Huu utanilipa ukija tena. Ukimpa mkeo salamu, mwambie ni mimi niliyemkumbuka." Yule bwana alirudi kulipa, na kibuyu cha maziwa juu yake.

Reli ilipokuwa inajengwa, masanduku makubwa ya mbao yalibaki kwenye kambi za Wachina, nasi tuliyanunua na kuyafanya milango. Mbao zilikuwa na maandishi meusi ambayo hakuna aliyejua kuyasoma, na wateja wengine waliogopa. Mlango mmoja wenye maandishi makubwa kuliko yote ukakosa mtu kabisa, tukauweka kwenye stoo yetu. Siku moja fundi wa Kichina alipita na dereva wake kununua nyanya. Akauona, akasimama, akaanza kucheka huku anapindua kiganja chake chini juu.

"Anasema umesimama kichwa chini," dereva akaeleza. "Hapo imeandikwa juu ni huku, na huku ndiko mlikokuweka chini."

"Mwulize kama unafunga," Tajiri akasema.

Mchina akausukuma, akauvuta. "Funga," akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake.

"Basi tumeelewana mimi na yeye," akasema Tajiri, na mlango ukabaki hivyo hivyo, kichwa chini.

Kununua ndiko kulikomtofautisha na wengine wote. Miaka ile watu wengi walikuwa wanahamia vijiji vipya, na mtu anayehama alibomoa nyumba akabeba anachoweza. Milango ilikuja kwetu juu ya vichwa, juu ya baiskeli, juu ya mikokoteni. Pamoja nayo ilikuja ya wizi. Tajiri alikuwa na njia yake ya kujua. Hakuanza kwa kuuliza jina wala kijiji. Alimsimamisha muuzaji, akamwambia, "Nifungulie huo mlango wako." Mlango wenyewe umelala chini. Mtu aliyeishi nao aliinua mkono hewani bila kufikiri, wa kushoto au wa kulia, akavuta au akasukuma, wengine hata wakainamisha kichwa pale palipokuwa na kizingiti kifupi. Kisha Tajiri alizitazama bawaba ziko upande gani. Siku moja vijana wawili waliinua mikono, mmoja kushoto, mwingine kulia, wakatazamana. "Rudisheni mlango wa watu," akawaambia, "mama mwenye nyumba analala wazi, mbwa wanaingia ndani."

Mlango akishaununua hakuuuza papo hapo. Ulilala. Aliuegemeza ndani ya banda, akaandika kwa chaki nyuma yake umetoka wapi, na mpaka mavuno yapite hakuna aliyeruhusiwa kuuonyesha kwa mteja. Kama mwenyewe alivuna, akarudi kuutaka, aliupata kwa bei ile ile aliyouuzia, na kidogo cha kuulinda. Wenye mabanda mengine walimwona mpumbavu. Wengi hawakurudi. Waliorudi wengine walilia pale pale, wanaume wazima, mkono juu ya ubao.

Na kila mlango ulioingia, kabla hajataja bei, aliugeuza. Aliupigia magoti, akapitisha kiganja upande wa ndani, chini ya kitasa, polepole, kama anayepapasa paji la uso la mgonjwa. Niliamini anatafuta dumuzi. Kila mtu aliamini hivyo. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sababu kuuliza ni ugonjwa wangu.

Tulikuwa Mafinga siku hiyo, tumefuata mabanzi kwenye viwanda vya mbao. Lori lilichelewa, tukakaa juani juu ya mabanzi yetu, kila kitu kinanuka utomvu wa misonobari. Nikamwambia, "Tajiri, dumuzi hula popote. Mbona wewe unapapasa sehemu moja tu?"

Nikadhani nimemkosea. Kisha akasema kama anayesimulia habari ya jirani.

Alikuwa ameolewa huko milimani, upande wa Kilolo. Mume alikuwa amechonga mlango wa mninga kwa mikono yake mwenyewe. Walipata mtoto mmoja, wa kiume. Kila mavuno baba alimsimamisha mtoto nyuma ya mlango, akakata alama kwa kisu pale kichwa kilipofika. Mtoto akapata homa, akafa. Baba naye hakukaa sana, akamfuata. Shemeji zake walitaka nyumba, naye hakutaka kutoka, basi wakaung'oa mlango wakauuza, wakijua mwanamke peke yake hatakaa kwenye nyumba iliyo wazi.

"Nilikaa," akasema. "Nililala wazi msimu mzima wa baridi. Ndipo nikatoka, nikaanza kuufuata. Waliniambia umechukuliwa na watu wa malori wa Mbeya."

"Ndiyo maana hata sasa unalala mlango wazi?"

Sisi sote tulikuwa tunajua hilo na tulikuwa tunalitania: mwenye milango yote ya mji mzima, mlango wa chumba chake uliegemezewa jiwe usiku kucha usijifunge.

"Nilizoea," akasema. Akatoa kibanzi kwenye kanga yake, akakitupa. "Mtoto wangu sina picha yake. Picha zilikuwa za watu wa mjini. Nina urefu wake tu, na urefu wenyewe uko mlangoni."

Tangu siku ile na mimi nikawa napapasa. Nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Nilifanya kazi miezi kadhaa, kisha nikaona lori limesimama. Lakini popote nilipolala, kwenye mashamba ya mpunga Ubaruku, kwenye vilabu, kwenye vibanda vya walinzi, niligeuza mlango kwanza nikatazama upande wa ndani. Watu walinidhania mchawi.

Hofu yake kubwa ilikuwa randa. Mtu akinunua mlango mkuukuu, kitu cha kwanza ni kuupiga randa ung'ae, na alama ya kisu si kitu cha kuishinda randa. Kwa hiyo fundi wetu alikatazwa kuugusa mlango ambao Tajiri hajaugeuza. Fundi huyo alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, hodari, mwenye mdomo mrefu na moyo mwepesi. Alimpenda Tajiri, na upendo ndio uliomponza. Tajiri alikwenda Makambako kununua mabati, akakawia. Huku nyuma watu wa mkokoteni wakaleta mlango, mzito, mweusi kwa moshi. Fundi akaona amfurahishe mwenye banda, katazo akalisahau. Akaununua, akaupiga randa pande zote mbili, akaupaka vanishi, akausimamisha mbele ya banda, na ukang'aa kama meza ya mkuu wa wilaya.

Mimi nilirudi na Tajiri siku hiyo. Tulikuwa tumekutana njiani. Fundi alitupokea kwa mikono miwili.

"Ndaga, Tajiri! Ona mninga huo. Ona!"

Alisimama. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Upande wa ndani ulikuwaje?"

"Mchafu! Umekwaruzwakwaruzwa. Nimeusafisha wote."

"Umekwaruzwa wapi?"

Fundi akatazama mlango, akanitazama mimi, na nikaona anaelewa. Tajiri alikwenda kwenye lundo la takataka za randa, akapiga magoti, akaanza kuchambua. Zilikuwa nyembamba, zimejikunja, nyekundu. Alizinyoosha moja moja juu ya goti, akiziinua kwenye mwanga, akitafuta penye mkato. Fundi naye akapiga magoti upande wa pili, analia wazi wazi. Nikajiunga nao. Tulichambua mpaka jua likaisha. Mikato ilikuwapo, lakini kila mlango wa nyumba ya watu una mikato: paka, panga, watoto, panya. Hakuna aliyeweza kusema ilikuwa ya nani.

Hakumfukuza fundi, wala hakumtukana, na hilo ndilo lililotutisha. Asubuhi alikaa kunyoosha misumari kama kawaida. Ila tangu hapo hakugeuza tena mlango. Muuzaji alikuja, akataja bei, Tajiri akalipa. Nilijaribu kumwambia, "Labda haukuwa wenyewe." Akanijibu, "Labda," akaendelea kugonga. Fundi alirudi Tukuyu kabla ya mvua. Mimi nikaenda Ubaruku kuvuna mpunga, na niliporudi nikakuta kiwanja kitupu. Majirani walisema alipakia milango iliyobaki kwenye lori akaondoka, hakusema anakwenda wapi. Nikawaelewa watu wanaonilalamikia mimi.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku ile juu ya viazi. Tulipita Mafinga, tukapita Iringa bila kushuka, na alasiri lori likasimama Ilula, dereva anataka nyanya za nyumbani kwake. Akina mama wakatuzunguka na ndoo, kila mmoja akinitia nyanya mkononi nionje. Mahali hapo nilikuwa nimepita mara nyingi, lakini sikuwahi kukanyaga ardhi yake. Nikamwambia utingo ateremshe mkoba wangu.

"Hujafika bado!"

"Nimefika."

Nikamwuliza mama mmoja wa nyanya mahali pa kulala. Akanyoosha kidole chenye udongo. "Pale kwa bibi, ile yenye milango ya kuchekesha."

Ilikuwa nyumba ndefu, ya matofali mabichi, vyumba vinne mfululizo, na hakuna mlango uliofanana na mwenzake. Wa mwisho ulikuwa na maandishi makubwa meusi ya Kichina, yamesimama kichwa chini. Niliutambua huo kabla ya kumtambua mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, nywele zimekuwa nyeupe, kanga mpya.

"Kamwene, Tajiri."

Hakushangaa hata kidogo. "Umekonda," akasema. "Weka mkoba. Kisha njoo, kuna kazi."

Akanivusha barabara mpaka nyumba iliyotazamana na yake. Njiani alinieleza, akitembea haraka, kama anayenilaumu kwa kuchelewa. Mlango wake ule wa mninga haukuwahi kufika Mbeya. Watu wa malori waliuuza hapo hapo Ilula. Yeye amepita juu ya malori mbele ya nyumba hii miaka yote, mchana na usiku, na mlango huwa wazi, umegeuziwa ukutani. Alipotoka Mbeya gari liliharibika hapa. Aliomba maji. Mama wa nyumba akaufunga mlango kuzuia kuku.

"Nikaziona," akasema.

Ulikuwa mweusi kwa mafuta ya mikono. Alama za kisu zilianza chini kabisa, zikapanda mpaka kwenye kiuno changu, chini ya kitasa. Juu ya hapo ziliendelea nyingine, mbichi zaidi, za mkono mwingine.

Mama wa nyumba alitoka anafuta mikono. Alinikaribisha, akaona ninavyotazama. "Tulizikuta tulipoununua," akasema. "Tukadhani labda ndivyo mlango wa mninga unavyouzwa. Tukaendeleza na watoto wetu."

"Hukuutaka?" nikamwuliza Tajiri pembeni. "Wangekuuzia."

"Wangeniuzia. Hata bure wangenipa." Akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Niupeleke wapi? Hapa una kazi."

Mama wa nyumba akaingilia kati. "Bora umekuja, kaka. Huyu bibi yetu ndiye mkataji wa alama siku hizi. Roza wangu, kitinda mimba, mavuno yamepita, kila siku nasema tumpime, kila siku bibi anasema kesho."

Nikatazama mlango, nikamtazama yule mtoto wa kike aliyekuwa anakimbiza kuku uani, nikapima kwa macho. Nikajua kwa nini kesho.

"Wakubwa zake waliipita alama ya mwanangu kabla sijaja," Tajiri akaniambia polepole. "Sikuwaona wakipita."

"Leo nipo," nikasema.

"Ndiyo. Leo upo." Akatoa kisu kwenye pindo la kanga. "Roza! Njoo hapa. Visigino ubaoni. Usinyooshe shingo, wewe, utaongeza uongo."

Mtoto akasimama, anacheka, mgongo umebana mlango. Tajiri akalaza kiganja juu ya kichwa chake mpaka kikagusa ubao. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili, niliona vizuri. Alama ya juu kabisa ya mtoto wake ilikuwa chini ya kiganja kile, kwa upana wa kidole. Hakuondoa mkono. Kuku walikuwa wanapiga kelele, lori lilipita barabarani, na mkono ulikuwa bado pale.

"Bibi, nimekua?" Roza akauliza.

"Umekua," akasema. "Umempita."

Akakata. Mkato mmoja, wa kina, ulionyooka kuliko yote iliyokuwapo. Akapuliza unga wa mninga, akachovya kidole kwenye kichupa cha mafuta alichokuwa nacho, akapaka bawaba moja moja, mlango ukaenda na kurudi bila sauti. Kisha akampiga Roza kofi dogo la makalioni, arudi kwa kuku wake.

Chumba nilichopewa kilikuwa kile chenye mlango wa Kichina. Alinionyesha kitanda, mtungi, taa.

"Unakaa mpaka lini?"

"Sijui, Tajiri."

"Sikuuliza ili unijibu. Mlango huu unavutwa kwa mkono wa kushoto. Kesho asubuhi kuna misumari."

Akaenda. Giza lilikuwa linaanza kuingia, akina mama wa nyanya wanakusanya ndoo zao kando ya barabara. Chumba chake kilikuwa kinapakana na changu. Nilisikia anavua viatu, anakohoa, anasogeza jiwe kwa mguu. Nikangoja lile jiwe litue mahali pake, kama nilivyolisikia miaka yote ya Mbeya. Halikutua. Nilisikia mlango ukirudi taratibu kwenye fremu yake, na komeo likaingia.